Pacha Aliyewekwa Kapuni: Warumi 9:13 katika Riwaya Moja ya Vijana

Riwaya zinazoandikwa kwa ajili ya vijana juu ya matatizo ya nyumbani zina desturi moja ambayo msomaji huizoea upesi: ndani yake yumo mkosaji. Baba ni mlevi, au mama amewaacha watoto, au wazazi wametengana na kila mmoja anawavuta watoto upande wake. Huko Marekani fasihi ya namna hii ilishika kasi tangu S. E. Hinton alipotoa The Outsiders mwaka 1967 na Paul Zindel The Pigman mwaka 1968. Na mwaka 1972 Judy Blume aliandika It's Not the End of the World, juu ya msichana anayeshuhudia ndoa ya wazazi wake ikivunjika. Msomaji wa Kiswahili ameionja njia hiyo katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambamo ulevi na ukali wa baba vinamharibia binti ujana wake, na mwisho wake ni kujiua. Mchungaji asomapo vitabu hivyo hahangaiki sana kutafuta la kusema. Yuko wa kuonywa, na yuko wa kufarijiwa.

Jacob Have I Loved ya Katherine Paterson, iliyotoka mwaka 1980, inatunyima msaada huo. Nyumba inayosimuliwa humo ni nyumba ya watu wema. Baba hanywi wala hapigi. Mama ni mpole na mwenye elimu. Familia husali, huenda kanisani, na hula pamoja mezani. Hata hivyo mtoto mmoja wa nyumba hiyo anakua akiamini kwamba anachukiwa, na anayemchukia si mwingine ila Mungu. Jina la kitabu limetolewa katika Warumi 9:13, pale Mtume Paulo anapolirudia neno la nabii Malaki juu ya Yakobo aliyependwa na Esau aliyechukiwa. Kwa sababu hiyo naona kwamba riwaya hii, ingawa iliandikwa kwa vijana, inatuhusu zaidi sisi ambao kazi yetu ni kulifungua Neno mbele ya watu.

Mwandishi mwenyewe si mgeni katika nyumba ya theolojia. Alizaliwa nchini China tarehe 31 Oktoba 1932 (tarehe ambayo Mlutheri hawezi kuipita bila kutabasamu), wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kipresbiteri. Alisomea elimu ya Kikristo huko Richmond, Virginia, akafanya kazi ya misioni nchini Japani, akasoma tena Union Theological Seminary ya New York, kisha akaolewa na mchungaji. Alikwisha kupata Medali ya Newbery mwaka 1978 kwa Bridge to Terabithia. Kitabu hiki kilimpatia ya pili mwaka 1981. Nayataja haya ili tusimhesabu kuwa mtu wa nje aliyeokota mstari wa Biblia kwa ajili ya kupamba jalada. Anaujua mstari huo, na anajua pia jinsi unavyosikika masikioni mwa mtoto.

Hadithi inaanza mwaka 1941 katika kisiwa cha kubuniwa kiitwacho Rass, katika Ghuba ya Chesapeake, ambako watu ni Wamethodisti na wanaishi kwa kuvua kaa na chaza. Sara Louise Bradshaw ana miaka 13, naye ni pacha. Kwetu angeitwa Kulwa, na mdogo wake Caroline angeitwa Doto. Kulwa alizaliwa akiwa na afya, bila shida yoyote. Doto alifuata dakika chache baadaye akiwa mdogo mno, karibu ya kufa, na watu wote waliokuwamo chumbani wakaacha kila kitu wakapigania uhai wake. Hadithi hiyo ya kuzaliwa ndiyo hadithi ipendwayo nyumbani mwao. Husimuliwa mara kwa mara, na kila inaposimuliwa Caroline huwa ndiye muujiza. Siku moja Louise anamwuliza mama yake: wakati ule wote mlipokuwa mkimshughulikia Caroline, mimi nilikuwa wapi? Mama anafikiri kidogo, kisha anajibu kwamba bibi alikuwa amemwosha, akamvika, akamweka kapuni.

Riwaya yote imo ndani ya kapu hilo. Jibu la mama ni la kweli, wala halina ubaya. Mtoto mwenye afya aweza kulazwa. Anayekaribia kufa hawezi kuachwa mikononi. Mkunga yeyote angefanya vivyo hivyo. Lakini mtoto anayeuliza swali hilo haulizi habari za uuguzi. Anauliza kama yuko mtu aliyemkumbuka, na katika kumbukumbu ya mama yake mahali pale ni patupu. Yaliyofuata yanaendelea katika mkondo uo huo. Caroline ana sauti ya kuimba ambayo kisiwani haijapata kusikika, hivyo anavushwa kila juma kwenda bara kujifunza muziki. Louise anavua kaa pamoja na rafiki yake Call, na fedha anazopata anamkabidhi mama. Hakuna aliyemwamuru. Anatoa kwa hiari, kisha anahesabu moyoni, na katika kuhesabu huko anateketea.

Paterson hakumfanya Caroline kuwa mtu mbaya, na hapo naiona heshima yake kwa ukweli. Caroline ni mwepesi wa moyo, mcheshi, mara nyingine mkarimu kuliko dada yake. Kosa lake ni moja tu, kwamba hajui. Mtu aliyependwa daima hana haja ya kuwaza juu ya upendo, kama samaki asivyowaza juu ya maji. Louise naye si malaika aliyeonewa. Ana wivu, ana hasira, anaota ndoto za dada yake kufa na kisha anajichukia kwa kuziota. Msomaji anampenda bila kuambiwa kwamba ana haki.

Ndipo unapofika mstari wenyewe. Nahodha mzee wa kisiwani, Hiram Wallace, amerithi fedha za mkewe, na anataka kuzitumia kumpeleka Caroline shule ya mbali akaendelee na muziki. Louise, ambaye nahodha huyo amekuwa rafiki yake wa karibu, anaona hata mlango huu umemfungukia mwingine. Katika saa hiyo bibi yake, mzee ambaye akili zimeanza kumpotea lakini Biblia ameishika kwa sura na kwa mistari, anamsogelea na kumnong'oneza neno la Yakobo na Esau. Anataja na mahali lilipoandikwa. Louise anapanda chumbani, anachukua Biblia, anatafuta sura ya 9. Pengine alitumaini kwamba bibi amelichanganya neno. Anachokuta ni kibaya zaidi ya maneno ya mzee aliyechanganyikiwa: aliyesema vile ni Mungu.

Tangu siku ile haombi tena, wala haendi kanisani. Bibi anamtabiria hukumu ya milele. Baba yake, kwa upole wake wa siku zote, anamtetea: binti amekuwa mkubwa vya kutosha kujiamulia, na mwenye kumhukumu ni Mungu, si wao. Ni jibu zuri, na wengi wetu tungelitoa. Lakini kwa Louise ni msumari mwingine, kwani yeye anaamini kwamba huyo Hakimu amekwisha kumhukumu kabla hajazaliwa. Nimesoma vitabu vingi juu ya huduma kwa vijana, na sikumbuki mahali palipoonyeshwa kwa uwazi namna hii jinsi neno la faraja linavyoweza kugeuka njiani, kati ya kinywa cha msemaji na sikio la msikiaji.

Sasa mwanafunzi wa theolojia atasema: hapa ndipo ilipohitajika ufafanuzi ulio sahihi. Ni kweli, na ufafanuzi upo. Malaki anasema juu ya mataifa mawili, Israeli na Edomu, kama vile neno alilopewa Rebeka katika Mwanzo 25:23 lilivyohusu mataifa mawili tumboni mwake. Tena, kuchukia katika lugha ya Kiebrania mara nyingi maana yake ni kumpa mtu nafasi ya pili: Mwanzo 29 yasema kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na katika mstari unaofuata Lea huyo anaitwa aliyechukiwa. Linganisha pia Luka 14:26 na Mathayo 10:37. Zaidi ya hayo, hoja ya Paulo haikomi katika sura ya 9. Inakwenda mpaka 11:32, ambapo rehema inafunguliwa kwa wote.

Yote hayo ni sahihi, na mchungaji ambaye hayajui asijaribu kuhubiri juu ya mstari huu. Lakini tuseme tungemkuta Louise chumbani, Biblia ikiwa wazi magotini, tukamweleza kwamba kuchukiwa kwa Esau maana yake ni kupendwa kidogo kuliko Yakobo. Je, hilo silo hasa jambo linalomwumiza? Amekuwa Lea tangu kapuni. Ufafanuzi wetu ungempunguzia hofu ya jehanamu na kumthibitishia huzuni yake. Wala tusisahau kwamba Luther mwenyewe hakupenda kulainisha mstari huu. Alipomjibu Erasmus mwaka 1525 katika kitabu chake juu ya utumwa wa utashi, alikataa kabisa kuuona kama habari ya mambo ya dunia tu.

Hata hivyo Luther huyo huyo, katika dibaji yake ya Waraka kwa Warumi ya mwaka 1522, alitoa shauri ambalo bibi wa Rass hakupata kulisikia. Alisema kwamba Waraka ufuatwe kwa mpangilio wake: mtu ajishughulishe kwanza na Kristo na Injili, aijue dhambi yake na neema, apitie msalaba na mateso ya sura ya 8, ndipo aifikie habari ya uteule katika sura ya 9 hadi ya 11, na hapo ataiona ni tamu. Akaongeza onyo kwamba mtoto anyonyaye asinyweshwe divai, kwa kuwa kila fundisho lina kipimo chake, wakati wake na umri wake. Ungamo letu katika Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, ibara ya 11, lafuata njia hiyo: uteule utafutwe ndani ya Kristo na katika Neno lake, usitafutwe katika shauri la siri la Mungu. Bibi alimnywesha mtoto wa ujana divai iliyo kali kuliko zote, tena bila Kristo, bila sura ya 8, na kwa kunong'ona. Kunong'ona huko kunanitisha kuliko mstari wenyewe. Fundisho linalonenwa mbele ya usharika laweza kuulizwa swali. Lililonong'onwa sikioni halina wa kulijibu.

Paterson anamponyaje mtoto huyu? Hakumletea mhubiri, wala hakumpa mstari mwingine wa kuufuta ule wa kwanza. Uponyaji unakuja kwa hatua tatu, na hatua zote tatu ni ndogo. Ya kwanza iko kisiwani. Caroline amekwisha kuondoka, tena ameolewa na Call, yule aliyekuwa rafiki wa Louise; huzuni imefika kileleni. Louise anamlipukia mama yake, na mama anamwambia kwamba hakuna aliyemzuia kuondoka, ila yeye na baba yake watamkosa sana. Louise anauliza kama watamkosa kama wanavyomkosa Caroline. Mama anajibu kwamba watamkosa zaidi, huku akimlainisha nywele kwa ncha za vidole. Hafafanui. Louise naye haombi ufafanuzi; jibu hilo linamtosha hata akaweza kuondoka.

Ya pili iko milimani. Louise alitaka kuwa daktari, lakini vita vimekwisha, wanajeshi wanarudi vyuoni, naye anashauriwa kwamba mwanamke hatapata nafasi. Anasomea uuguzi na ukunga, kisha anachagua kufanya kazi katika kijiji cha Truitt, bonde lililojitenga katika milima ya Appalachia, kwa sababu Truitt ni jina la baba yake. Huko anakutana na mjane mwanamume, Mkatoliki mwenye asili ya Kipolandi, Joseph Wojtkiewicz, aliyeachiwa watoto watatu. Huyo anamwambia kwamba tangu siku aliyozaliwa Mungu amekuwa akimlea kwa ajili ya bonde lile. Msomaji na asimame hapo. Fundisho la bibi na neno la Joseph ni fundisho lile lile: Mungu alikwisha kuamua kabla. Lakini bibi alilitumia kufunga mlango, naye Joseph analitumia kumwonyesha mtu kazi yake na jirani zake. Hii ndiyo tofauti kati ya uteule uliogeuzwa kuwa upendeleo na uteule ulio wito, na sijaiona ikielezwa kwa maneno machache kuliko haya.

Ya tatu ni usiku wa baridi ambapo Louise anaitwa kumzalisha mama kijana. Ni mapacha. Wa kwanza, mvulana, anatoka akiwa na nguvu. Wa pili ni msichana mdogo sana, anaelekea kufa. Louise anamshika, anampasha joto, anapigania uhai wake. Na kwa kuwa hakuna wakati, yeye ambaye aliacha kusali tangu ujana wake anambatiza kwa maji katika jina la Utatu, akimwita Essie Susan. Susan ni jina la mama yake Louise. Kisha, ghafla, anamkumbuka yule mwingine. Pacha mwenye afya yuko wapi? Yuko kapuni, amelala. Louise anaagiza kwamba ashikwe, apakatwe kadiri iwezekanavyo, au apewe mama yake ampakate.

Hapo ndipo anapoielewa hadithi ya kuzaliwa kwake, kutoka upande wa wale waliomsahau. Mikono yake mwenyewe imemfundisha kwamba anayepigania uhai wa mdogo hamchukii mkubwa. Hata hivyo haishii katika kuwasamehe wazazi wake. Anafanya jambo ambalo wao hawakulifanya: anamwulizia mtoto wa kapuni. Baadaye, akitembea usiku kurudi nyumbani kwake, anausikia tena moyoni wimbo wa Krismasi ambao Caroline aliuimba kisiwani, na hauumizi tena.

Wako wasomaji wanaolalamika kwamba mwisho huu umekuja kwa haraka, na mimi nakubaliana nao kwa sehemu. Kurasa za Rass ni nyingi, zina chumvi, zina harufu ya kaa. Kurasa za Truitt ni chache, na miaka inapita humo kama vituo vinavyoonekana kutoka dirishani mwa gari moshi. Joseph hatumjui vya kutosha kumwamini kuwa mume. Tunamjua kama mtu aliyebeba sentensi moja nzuri. Wako pia wanaouliza kwa nini Doto apewe jukwaa na sifa, naye Kulwa apewe bonde, mume na watoto wa mwingine. Swali hilo lina uzito, hasa kwetu, ambao mara nyingi huwahubiria wasichana unyenyekevu na wavulana wito. Lakini naona kwamba Paterson hakusema ukunga ni fungu la mwanamke. Alisema mlango wa udaktari ulifungwa kwa dhuluma ya wakati ule, na Mungu hakufungwa pamoja nao. Ni mambo mawili tofauti, na mhubiri anayeyachanganya atageuza dhuluma kuwa mapenzi ya Mungu.

Kundi jingine litasema kwamba riwaya hii si ya Kikristo vya kutosha, kwa kuwa Louise hatubu hadharani wala harudi kwa maneno yanayotambulikana. Kwa hao nauliza ubatizo ule ni kitu gani. Aliyeambiwa kwamba amekataliwa kabla ya kuzaliwa anasimama juu ya mtoto aliyezaliwa punde hii, asiye na nguvu wala sifa, na kwa mkono wake mwenyewe anamtangazia kwamba ni wa Mungu. Luther aliwaelekeza waliosumbuliwa na habari ya uteule wautazame ubatizo wao. Louise hakuambiwa autazame wake. Alipewa kuutenda wa mwingine. Na Esau wa Maandiko je? Katika Mwanzo 33:4 anamkimbilia ndugu yake, anamkumbatia, anamwangukia shingoni na kumbusu. Bwana wetu alipotaka kueleza jinsi baba anavyompokea mwana mpotevu (Luka 15:20), alimpa baba huyo mwendo ule ule wa Esau.

Linabaki jambo la bibi. Riwaya inatuambia kwamba alipokuwa msichana alimpenda Hiram Wallace, naye Wallace hakumwona. Alizeeka na jambo hilo, na wivu wake ukajifunza kusema kwa sura na mistari. Kwa hiyo aliyemnong'oneza Louise naye alikuwa ameachwa kapuni miaka mingi kabla yake, na alichompa mjukuu ni kile alichokuwa amekihifadhi kwa ajili yake mwenyewe. Baba wa nyumba alimvumilia kwa upole, mkwewe alistahimili matusi yake, na kanisa la kisiwani lilimhesabu kuwa mwanamke mcha Mungu anayeijua Biblia. Katika kitabu chote sioni mtu aliyemwuliza kwa nini, kati ya mistari yote aliyoishika kwa moyo, ni ile tu iliyokuwa ikimtoka.